UZI: Kolesteroli iliyooksidika, vimeng'enya na peptidi. Ukweli wa maabara na vidonge mnavyouziwa

Mzizima Lab (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na humu jukwaani umeshaletwa zaidi ya mara moja. Unasema kolesteroli, yaani lehemu, haina kosa lolote. Mwenye kosa ni kolesteroli "iliyooksidika", yaani iliyoshikwa na oksijeni. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo aache statini (dawa za kushusha kolesteroli), anunue vitamini E na virutubisho vya kusafisha mishipa. Mwishoni kuna namba ya simu ya muuzaji.

Biokemia ndiyo niliyosomea na ndiyo inayonilisha, na ujumbe ule unaniuma kwa sababu nusu yake ni kweli. Habari ya kolesteroli kuoksidika haikutungwa na wauza virutubisho. Imetoka maabara, kwa watu walioitumikia miaka mingi. Naileta kwa kirefu ili mtu akiletewa ule ujumbe ajue wapi ukweli unakatika.

Msimamo wangu nauweka mapema. LDL, zile chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, huoksidika ndani ya ukuta wa ateri, hilo halina ubishi tena. Lakini malighafi ni LDL yenyewe, na kilichookoa maisha ya watu hadi leo ni kuipunguza hiyo malighafi. Vidonge vya kuzuia oksidishaji vimepewa nafasi yao, nafasi kubwa, na havikufanya kazi.

Tuanze na sungura.

Mwaka 1910 mkemia Mjerumani Adolf Windaus alipima aota (ateri kuu inayotoka moyoni) za watu waliokuwa na ugonjwa wa mishipa. Akakuta kolesteroli iliyofungamana na asidi za mafuta imezidi ile ya aota nzima mara 20 na zaidi. Mwaka 1913, mjini St. Petersburg, Nikolai Anitschkow aliyeyusha kolesteroli safi kwenye mafuta ya alizeti akawalisha sungura. Mishipa yao ikajaa mafuta. Hapo ndipo nadharia nzima ya kolesteroli ilipopata miguu.

Sasa ruka hadi 1976. Hideshige Imai na wenzake huko Marekani walikuja na swali ambalo hata leo nalipenda: je, ile kolesteroli ya dukani ya maabara, iliyokaa muda mrefu ikiguswa na hewa, ni safi kweli? Wakazitenga takataka zilizokuwa ndani yake, wakawapa sungura. Ndani ya saa 24 seli za misuli laini za aota zikaanza kufa. Kolesteroli iliyosafishwa upya haikufanya uharibifu wa namna hiyo. Zile takataka ni kolesteroli iliyoshikwa na oksijeni, tunaziita oksisteroli.

Msomaji anaweza kusema: basi kesi imekwisha, kolesteroli safi imeachiwa huru! Haijaisha. Ateri yako si chupa ya maabara, na kinachooksidika humo hakitoki kwenye rafu ya duka.

Mzizima Lab

Naendelea. Hapa ndipo penye utamu.

Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Texas, waligundua kipokezi cha LDL katika miaka ya 1970 na wakapata Tuzo ya Nobeli mwaka 1985. Kipokezi hiki kipo juu ya seli, kinaidaka chembe ya LDL na kuiingiza ndani. Seli ikishiba kolesteroli, inapunguza vipokezi. Kwa hiyo seli yenye afya haiwezi kujilisha LDL hadi ipasuke.

Lakini ukikata ateri yenye ugonjwa unakuta makrofaji, zile seli za kinga zinazokula taka, zimejaa matone ya mafuta hadi chini ya hadubini zinaonekana kama povu. Tunaziita seli povu. Zimeshibaje hivyo, wakati mlango una kufuli? Na kuna jambo zito zaidi: watu waliozaliwa bila kipokezi cha LDL kabisa nao wana seli povu tele, na wanapata shambulio la moyo wakiwa watoto. Ina maana mafuta yanaingia kwa mlango mwingine.

Mwaka 1979 kundi lilelile la Dallas lilionyesha kwamba makrofaji hazili LDL ya kawaida kwa kasi, ila ukiibadilisha kwa kemikali ya asetili zinaifakamia bila kikomo. Sawa, lakini mwilini hakuna mtu anayemwaga asetili kwenye ateri. Jibu lilitoka San Diego kwa Daniel Steinberg na wenzake: mwaka 1981 walionyesha kwamba ukiiacha LDL usiku kucha pamoja na seli za ukuta wa mshipa, seli zenyewe zinaibadilisha, na makrofaji zinaila. Mwaka 1984 wakaonyesha kwamba badiliko hilo ni oksidishaji, na kwamba ukitia vitamini E kwenye chombo, badiliko linazuilika.

Shikeni hapo kwenye vitamini E. Ndipo mauzo yote yalipozaliwa. Ilikuwa kwenye chombo cha maabara.

Kemia yake iko hivi. LDL ina asidi za mafuta zenye viunganishi maradufu vingi, mfano asidi ya linoleiki. Oksijeni kali inanyofoa hidrojeni moja, mnyororo unaanza, mafuta yanakatika vipandevipande. Ni kemia ileile inayofanya mafuta ya kupikia yaliyokaa sana yatoe harufu kali. Vipande hivyo, hasa aldehaidi, vinajibandika kwenye protini kubwa iliyoizunguka LDL, inayoitwa apoB-100, yenye asidi amino 4,536. Vinabandikwa palepale kwenye asidi amino ya laisini, ambayo chaji yake chanya ndiyo inayotambuliwa na kipokezi cha LDL. Chaji ikipotea, kipokezi hakiijui tena chembe hiyo. Wanaoijua ni vipokezi vya kuzoa taka, kama CD36, na hivyo havina kufuli. Seli inakula, inakula, inageuka povu.

Bibi Karafuu

Mwanangu, umeandika vizuri lakini umenitia hofu. Sisi huku Unguja samli ndiyo chakula chetu toka kwa mabibi, na nimesikia samli ndiyo imejaa hiyo kolesteroli mbovu. Kweli?

Mzizima Lab

Shikamoo bibi. Swali lako lina historia. Mwaka 1987 mtafiti Marc Jacobson aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba samli aliyoipima ilikuwa na oksisteroli kiasi cha zaidi ya asilimia 12 ya steroli zake, wakati siagi mbichi haikuwa nazo. Alikuwa akitafuta sababu ya Wahindi waliohamia nchi nyingine kuugua sana moyo kuliko majirani zao, akaitaja samli kama jambo linalowezekana. Alisema linawezekana, hakusema limethibitika, na hapo ndipo watu huteleza.

Samli inatengenezwa kwa moto, na kolesteroli ikipata moto na hewa kwa muda inaoksidika. Samli iliyoyeyushwa kwa moto mdogo na kutunzwa kwenye chombo kilichofungwa si sawa na ile inayochemshwa tena na tena kukaangia. Unga wa mayai, nyama iliyokaushwa na jibini ya unga navyo vina oksisteroli, kwa sababu hiyohiyo ya hewa na joto.

Hapohapo niseme la mafuta ya chipsi, maana nalijua litaulizwa. Mafuta ya mimea kwa asili hayana kolesteroli ya maana, hayo maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye dumu yangeweza kuandikwa hata kwenye dumu bovu kuliko yote. Yakichemshwa siku nzima yanazalisha vipande vya mafuta vilivyooksidika, na samaki au kuku unayemkaanga humo analeta kolesteroli yake mwenyewe. Mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu, yamwagwe.

Ila bibi, chakula ni sehemu ndogo. Oksidishaji tunaouzungumzia unatokea ndani ya ukuta wa mshipa, na wanaoufanya ni vimeng'enya vyetu wenyewe.

Mzizima Lab

Vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kemia ya mwili. Nitachukua vitatu.

Cha kwanza ni mieloperoksidesi. Kipo tele kwenye seli nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, na rangi yake ni ya kijani. Ndicho kinachofanya usaha uwe na ukijani. Kazi yake ni kuchukua peroksidi ya hidrojeni na kloridi (chumvi ya kawaida ya mwilini) na kutengeneza asidi ya haipoklorasi, ndugu wa karibu wa jiki. Ni silaha nzuri dhidi ya bakteria. Ndani ya ukuta wa ateri haina adui wa kupiga, inapiga kilichopo.

Watafiti walijuaje kwamba inapiga LDL? Haipoklorasi ikigusa asidi amino ya tairosini inaacha alama ya klorini isiyofutika, na kwa binadamu kimeng'enya kinachoweza kuacha alama hiyo ni hicho. Mwaka 1997 Stanley Hazen na Jay Heinecke waliitoa LDL kwenye ateri za wagonjwa wakaipima: alama ilikuwa mara 30 kuliko kwenye LDL inayozunguka kwenye damu. Kwangu huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika habari hii. Mkosaji ameacha alama ya vidole mahali pa tukio, na mahali penyewe ni ukutani. Ukipima damu ya mkononi utakuta kidogo sana.

Cha pili ni paraoksonesi, PON1. Hiki ni mlinzi. Kinatengenezwa na ini na kusafiri juu ya HDL, ile tunayoiita kolesteroli nzuri. Kilipata jina kwa sababu kinavunja paraoksoni, sumu inayotokana na kiuatilifu cha parathioni. Kundi la Manchester lilionyesha mwaka 1991 kwamba kinapunguza pia uoksidikaji wa LDL. Mwaka 1998 wenzao wa Los Angeles walitengeneza panya wasio na kimeng'enya hiki, nao wakawa dhaifu kwa mambo mawili: sumu ya viuatilifu iliwaua kirahisi, na mishipa yao iliharibika haraka. Nikiwafundisha vijana hapa huwa natulia kidogo, maana kimeng'enya kimoja kinasimama mbele ya shamba na mbele ya moyo.

Cha tatu ni Lp-PLA2, na hiki kina msiba. Kinakata mafuta yaliyooksidika kwenye LDL, na vipande vinavyobaki vinachochea hasira ya kinga. Wenye kiasi kikubwa kwenye damu walionekana kuugua zaidi moyo. Ikatengenezwa dawa ya kukizuia, darapladibu. Majaribio mawili makubwa, moja la watu 15,828 na jingine la watu 13,026, yakatoa majibu mwaka 2014: hakuna tofauti na kidonge kisicho na dawa. Kimeng'enya kuonekana mahali pa ajali si lazima kiwe ndicho dereva.

Nesi Mstaafu

Mwalimu, mimi miaka ya nyuma wodini tuliona wagonjwa wakija na chupa za vitamini E, hata wengine kwa ushauri wa wakubwa wetu. Walikosea wapi, kama kwenye chombo inazuia?

Mzizima Lab

Asante dada, hapa ndipo kiini cha uzi wangu.

Jaribio la HOPE liliwafuatilia watu zaidi ya 9,500 wenye hatari kubwa ya moyo, nusu wakipewa vitamini E ya uniti 400 kila siku kwa zaidi ya miaka minne. Majibu yalitoka mwaka 2000: hakuna faida. Kisha likaja la Uingereza, Heart Protection Study, watu 20,536, majibu yake 2002. Naomba mlisome hili polepole. Watu haohao waligawanywa mara mbili. Kwanza kwa kura wapo waliopewa statini na wapo waliopewa kidonge kisicho na dawa. Halafu kwa kura nyingine wapo waliopewa mchanganyiko wa vitamini E, vitamini C na beta-karotini, na wapo wasiopewa. Muda wa miaka mitano. Vitamini E kwenye damu ya waliopewa ilipanda maradufu, kwa hiyo hakuna wa kusema haikufika.

Statini ilipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na upasuaji wa kufungua mishipa kwa karibu robo. Vitamini haikupunguza chochote.

Ni jaribio lilelile, na wagonjwa ni walewale. Anayewaambia muache statini mnunue vitamini E anawaambia mchague upande ulioshindwa.

Kwa nini ilishindwa? Sababu ziko kadhaa na zote nadhani zinachangia. Vitamini E inakaa kwenye mafuta ya LDL, wakati haipoklorasi inapiga protini moja kwa moja, haisubiri mnyororo wa mafuta. Halafu Roland Stocker na wenzake huko Australia walionyesha kwamba vitamini E ikikosa wa kuirudishia nguvu, yenyewe inaweza kuusafirisha mnyororo wa oksidishaji ndani ya chembe. Tena wagonjwa walikuwa na utando wa mafuta kwenye kuta za mishipa, ulioanza miongo mingi nyuma. Na beta-karotini ina sifa mbaya zaidi: kwa wavutaji sigara wa Finland, jaribio la 1994 lilionyesha saratani ya mapafu iliongezeka kwa waliopewa.

Kijana wa Maabara

Mkuu shusha nondo za peptidi, title umeziahidi.

Mzizima Lab

Nakuja, kijana. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, kama kipande kidogo cha protini.

HDL ina protini kuu inayoitwa apoA-I, yenye asidi amino 243. Imejikunja kama msokoto ambao upande mmoja unapenda maji na upande wa pili unapenda mafuta. Watu wa Birmingham, Alabama, hasa G. M. Anantharamaiah na Jere Segrest, walijiuliza kama wanaweza kutengeneza kipande kifupi chenye tabia hiyohiyo. Wakapata peptidi ya asidi amino 18 tu. Toleo lililopata umaarufu linaitwa 4F, kwa sababu lina fenilalanini nne upande wa mafuta. Mpangilio wake haufanani na apoA-I hata kidogo. Kinachofanana ni umbo. Na linanasa mafuta yaliyooksidika kwa nguvu kuliko apoA-I yenyewe.

Tatizo la peptidi ni tumbo, maana vimeng'enya vya mmeng'enyo vinaikata kama nyama. Wakaitengeneza kwa asidi amino za mkono wa kulia, aina ya D, ambazo vimeng'enya vyetu havizijui. Mwaka 2002 Mohamad Navab na Alan Fogelman wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, wakawanywesha panya D-4F: ugonjwa wa mishipa ulipungua kwa asilimia 79, na kolesteroli ya damu haikubadilika hata kidogo. Naomba mfikirie uzito wa hilo. Kolesteroli ileile, ugonjwa kama moja ya tano tu!

Kwa binadamu ikawa safari nyingine. Kunywa dozi moja kuliifanya HDL ifanye kazi vizuri zaidi ingawa peptidi iliyofika kwenye damu ilikuwa chache mno. Baadaye wakaidunga ili damu ijae peptidi, na HDL haikuboreka. Kituko hicho kiliwafanya waangalie upya, wakagundua kwamba kazi kubwa ya peptidi hizi huenda inafanyika utumboni, haifanyiki kwenye damu. Ndipo mwaka 2013 wakatoa nyanya zilizopandikizwa jeni ya kutengeneza peptidi ndugu yake, 6F. Nyanya hizo zikakaushwa, zikachanganywa kwenye chakula cha panya kwa asilimia 2.2 tu ya uzito, na mishipa ya panya ikanufaika.

Dereva wa Masafa

Hizo nyanya zinapatikana wapi? Au hata zetu za Iringa zinasaidia?

Mzizima Lab

Nyanya za Iringa ni tamu, kaka, kula. Ila hazina peptidi hii, na zile za maabara hazijawa dawa ya mtu yeyote. Ukiuziwa unga wa nyanya wa kusafisha mishipa, umeuziwa unga wa nyanya.

Na si hizo peptidi fupi tu. Hata apoA-I nzima, iliyochujwa kutoka damu ya binadamu na kudungwa kwa wagonjwa zaidi ya 18,000 waliotoka kupata shambulio la moyo, ilishindwa kuleta tofauti ya uhakika ndani ya siku 90. Majibu yalitoka 2024. Inasikitisha, maana nadharia ilikuwa nzuri sana.

Peptidi inayonipa matumaini inatoka upande mwingine. Kuna protini iitwayo PCSK9, ya ukoo wa vimeng'enya vya kukata protini, ambayo inakishika kipokezi cha LDL na kukipeleka kuvunjwa. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas waligundua kwamba Wamarekani weusi wapatao 2.6 kwa kila 100 wana PCSK9 iliyoharibika tangu kuzaliwa. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa moyo chini kwa asilimia 88. Zawadi ya maisha mazima imetoka Afrika. Zimbabwe alipatikana mwanamke mwenye nakala zote mbili zilizoharibika, mzima wa afya, LDL yake mg/dL 15 hivi. Dawa za sindano za kuzuia PCSK9 zipo na zinaokoa, lakini bei yake haishikiki. Sasa imetengenezwa peptidi iliyofungwa duara ili tumbo lisiikate, inayomezwa kama kidonge. Kwenye jaribio la awamu ya pili, 2023, iliishusha LDL kwa hadi asilimia 60 hivi.

Angalieni mwelekeo. Peptidi hii haigusi oksidishaji. Inapunguza malighafi.

Mnyasa wa Ludewa

Mwalimu, nilisikia zamani wazungu walikuja kwetu kupima damu za wavuvi. Inahusiana?

Mzizima Lab

Inahusiana sana! Ni Utafiti wa Lugalawa. Walilinganisha vijiji vya wavuvi wa Ziwa Nyasa, wanaokula samaki kila siku, na vijiji jirani vya watu wanaokula zaidi mimea. Wavuvi walikuwa na shinikizo la damu la chini, na kitu kinachoitwa Lp(a) kilikuwa chini pia.

Lp(a) iligunduliwa na Kåre Berg wa Norwei mwaka 1963. Ni LDL iliyoshonewa protini ya ziada, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya fosfolipidi zilizooksidika kwenye damu. Kiwango chake huamuliwa zaidi na jeni, na sisi wenye asili ya Afrika huwa nacho kikubwa kuliko Wazungu. Kwa hiyo samaki kuonekana kukigusa lilikuwa jambo la kushangaza, na limetoka Ludewa.

Dereva wa Masafa

Basi niambie la kufanya. Mzee wangu ameacha statini miezi sasa kwa ule ujumbe, anasema misuli inamuuma.

Mzizima Lab

Pole. Mpeleke kwa daktari wake wiki hii, na zile chupa anazomeza aende nazo. Maumivu ya misuli yasidharauliwe. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha aina ya statini, au kupima kimeng'enya cha CK kuona kama misuli inaumia kweli. Mwambie amwombe kipimo cha Lp(a) kama kinapatikana. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 unashauri kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani. Kipimo cha LDL iliyooksidika asikilipie, hakuna mwongozo unaotumia jibu lake kuamua dawa. Na mwonyeshe ile sehemu ya watu 20,536, msome pamoja.